Harufu ya Udi kwenye Kanzu ya Bader

Ghubra, Maskati

Shoga yangu Rahila,

Assalaamu alaykum. U hali gani, na magoti yako je? Huko Qurayyat joto limepungua? Mie mzima, sukari tu ndo inanichezea. Nakuandikia kwa mkono wangu, maana simu yangu wajukuu wote wanaisoma, na haya si ya watoto. Ukimaliza, chana.

Eda nimemaliza wiki iliyopita. Siku zote zile nlikuwa nautazama mlango, nangoja mwanamke aje aseme na yeye mke wa Bader. Hakuja. Aliyekuja ni Jaifar, yule mzee wa Darsait anayetengeneza deki za video, macho chini, akaomba sanduku la marehemu lenye kufuli. Nkamwambia halitoki mpaka nilione ndani.

Kanda, Rahila. Kanda za mambo ya wakubwa, tele, nyingine zimeota ukungu. Nkamuuliza hana haya na mvi zile. Akasema wala si kwa hayo wakizipenda. Filamu nzuri kila mtu anazo. Hizi zilitengenezwa na watu wasokuwa na pesa wala ujuzi, hakuna mwengine aliyeziweka, na yeye na Bader kila Alkhamisi wakizipangusa na kuzicheka. Nkamwambia aniwekee moja kwenye deki. Nlitazama mwanzo tu, nguo zingali mwilini, usinifikirie vingine. Bwana kaja kutengeneza friji, kafunga mlango, ukuta mzima wa kadibodi unatikisika, na bibi kaushika kwa mkono usianguke huku anamrembulia macho. Nlicheka mpaka nkaomba maji. Sanduku nimempa, aondoke nalo.

Lakini kwanza nlimuuliza, mbona kila Alkhamisi Bader akirudi, kanzu yake inanuka udi? Akasema duka lake linanuka ukungu wa kanda, basi hulifukiza, na udi wenyewe akinunua kwako.

Sasa nisikilize. Udi ule unauchanganya wewe peke yako, na wakati ule ulikuwa mjane, unakaa Darsait. Ndo maana nliacha kuja kwako. Harusi ya Lamya wako nkasingizia homa. Ulipokuja kunipa pole matangani, nkakugeuzia uso. Miaka kumi na minane nimekuhesabu mke mwenzangu.

Nisamehe. Na wewe nawe una lako: mbona hukuja kuniuliza nina nini nawe? Kiburi chako kama changu.

Wasalimie Lamya na watoto. Tangu Bader afe sijajifukiza, na eda imekwisha. Njoo Ijumaa, na udi uje nao.

Nduguyo,
Muhsina binti Majid