Kifriji cha Divai, Mtaa wa Sikukuu

Jumatatu, 8 Januari 1973

Joto! Hata ukuta unatoka jasho. Na leo mume wangu ametangaza, kijiko mkononi, kwamba tunahitaji friji. Nikafurahi — nikaona maji baridi, maziwa yasiyochacha, samaki wa kesho. Kumbe! Friji ndogo. Ya divai. Ya divai peke yake.

Tangu arudi kozi Yugoslavia, Ignasi wangu, mtoto wa Peramiho aliyekuzwa kwa ulanzi, pombe ya mianzi, hanywi tena kitu kisichokuwa na shingo ndefu. Divai ya Dodoma anainusa kwanza, kama mtu anayekagua samaki Magogoni. Anasema divai haigandishwi, inatulizwa. Nikamwuliza, na mimi nitatulizwa wapi na joto hili?

"Paska, usianze."

Sababu naijua. Bosi wake, Bwana Wilbert, amejialika kula kwetu. Anatafuta mtu wa kuongoza ghala la vinywaji la Mtwara, na Ignasi keshamwambia ana "utaalamu wa divai." Mtaalamu hawezi kumpa bosi divai yenye joto la chai.

Jumatano, 10 Januari

Baada ya kazi tumeenda duka la serikali. Friji zipo — kwenye picha. Meli bado, alisema mwuzaji, na ikija kuna wanaosubiri tangu mwaka juzi.

Ignasi alikuwa na chupa tupu ameifunga gazetini. Ya kupimia, eti chupa lazima ilale, kizibo kisikauke. Akaifungua pale pale akaanza kuilaza juu ya kaunta. Mwuzaji akaitazama chupa, akamtazama Ignasi, kisha akanitazama mimi. Kwa huruma! Nami nikainamisha kichwa kama mke aliyezoea. Ignasi hajanisemesha mpaka nyumbani.

Jumamosi, 13 Januari

Ilala, kwa fundi. Ana friji ya mafuta ya taa, zamani ilikuwa ya misheni. Akawasha utambi wake. Moshi, jamani! Ignasi akakohoa, akasema divai itanuka chemli.

Fundi akauliza tunataka kuhifadhi nini.

"Vinywaji," Ignasi akasema.

"Soda?"

"Karibu na soda."

Nilitoka nje kucheka.

Jumapili, 14 Januari

Baada ya misa ya kwanza Bi Sofia alituita. Mama wa Kigoa, mjane, anakaa Upanga. Mimi naye tunaimba kwaya moja. Anahamia kwa mwanawe Kanada, anauza vitu. Ana friji mbili!

Ya kwanza kubwa, nyeupe, mlango unafunga kwa mlio mzito wa kuridhisha. Nikaingiza mkono ndani, sikutaka kuutoa. Ya pili ndogo, inafika kiunoni. Hiyo ilikuwa ya marehemu mumewe, ya divai yake ya Krismasi. Rafu zake zimeinama kidogo ili chupa zilale. Ignasi akapiga magoti mbele yake. Kanisani hapigi magoti namna ile! Akaweka sikio ubavuni kusikiliza mota. "Inanong'ona," akasema.

Tukagombana pale pale kwenye korido ya watu, kwa sauti za chini. Mimi: nyama, maji, maziwa, hata barafu za kuuza. Yeye: friji kubwa itaalika mtaa mzima, na chumba chetu ni kimoja na nusu, tutalala wapi, ndani yake? Bi Sofia akajifanya anakunja mapazia. Halafu akasema taratibu kwamba ile ndogo angependa iende kwa mtu anayeielewa. Na machozi yakamlenga.

Utabishana vipi na machozi ya mjane? Nimekubali. Nimekubali shingo upande.

Jumamosi, 20 Januari

Kifriji kimefika juu ya mkokoteni, kimefunikwa shuka langu zuri. Ignasi alitembea kando yake toka Upanga, mkono juu, kama anasindikiza bibi harusi. Vumbi la ujenzi wa soko likawageuza wote weupe. Watu wa barazani wakapiga kelele: "Naizi huyo, bwana mkubwa wa ofisini! Ujamaa umemwishia!" Yeye akawapungia. Alidhani wanampongeza.

Bi Siwema, mwenye nyumba wetu, alikuwa mlangoni. Kazaliwa nyumba hii, hajawahi kulala nje ya Kariakoo ila alipokwenda kuzika Bagamoyo. Tukamwamkia. Akaitikia, macho kwenye shuka.

"Mwanangu Ignasi, humo mtakaa nini?"

Ignasi akalivuta shuka chini. "Vinywaji, Bibi."

"Basi nisikione, nisikinuse, na kisiguse ukuta wangu."

Ameshajua. Anajua kila kinachopita kwenye mlango ule, hata mawazo.

Jumanne, 23 Januari

Ignasi haongei nami. Anaongea na kifriji. Anakifungua, anagusa chupa, anakifunga, anakaa. Nimemwambia kila akifungua anaingiza joto. Sasa anakaa tu, anakitazama kilivyofungwa.

Nimeingiza embe moja kwa siri. Ameligundua! "Paska, litaambukiza harufu!" Nimelila mbele yake. Baridi, tamu mno. Nimemnyima.

Ijumaa, 26 Januari

Bi Siwema ameanguka.

Nilikuwa nafua uani, yeye anachota maji kwenye pipa, mara ndoo ikaanguka na yeye akaifuata. Hakuitika. Midomo mikavu, pumzi inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Nilipiga yowe. Ignasi akatoka na singlendi, akambeba mikononi mpaka barabarani, akasimama katikati mpaka teksi ikakubali. Sikujua ana nguvu zile. Sikujua pia anaweza kulia — tukiwa njiani Muhimbili amemshikilia kichwa, anarudia, "Bibi, usilale, Bibi."

Ni sukari, wamesema. Kumbe kiu yote ile, na kuamka usiku kwenda chooni, tulikuwa tunaona ni joto.

Wamemlaza.

Jumanne, 30 Januari

Bibi amerudi. Amekonda, lakini ulimi uko pale pale. Amesema chakula cha hospitali ndicho ugonjwa wenyewe.

Amepewa dawa ya sindano, asubuhi na jioni, maisha. Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo nesi alitaka mtu wa nyumbani afundishwe. Mimi nikiona sindano tu nakimbia. Ignasi ndiye aliyefundishwa, kwa kuchoma chungwa.

Na dawa lazima ikae baridi. Nesi amesisitiza: joto hili litaiua, na dawa ikifa, mgonjwa anafuata.

Tukatazamana. Mtaa wetu mzima, friji ni moja.

Ignasi akasema haraka, rafu ya juu dawa, rafu ya chini chupa. Bibi akajivuta akakaa kitandani.

"Dawa niliyoiombea dua ilale kitanda kimoja na ulevi? Hata! Bora nife na udhu wangu."

Bwana Wilbert anakuja Jumamosi. Mtwara nzima imelala mle ndani kwenye zile rafu. Nilitaka kusema kitu. Nikajizuia — nilitaka kuona ataamua nini mwenyewe.

Usiku huu dawa imekaa kando ya mtungi wa Bibi, kwenye kitambaa kibichi. Sina usingizi.

Jumatano, 31 Januari

Alfajiri nimemkuta amepiga magoti tena. Safari hii ana sabuni na limau. Chupa zote ziko chini ya kitanda, kwenye joto, kama wafungwa. Amesugua kila rafu, mpaka mpira wa mlango. Hakugeuka. Akasema tu, "Nipe maji mengine."

Nimempa. Nikampa na busu la shingoni, akajifanya limemkera.

Bibi akaletwa na fimbo yake kukagua. Akaingiza kichwa chote. Akanusa pembe kwa pembe. "Haya," akasema. Akaweka vichupa vyake mwenyewe, kwa bismillahi.

Jumamosi, 3 Februari

Naandikia jikoni uani, karibu na mkaa, kwa sababu ndani kuna sindano. Mlango uko wazi, nasikia na kuona yote.

Bwana Wilbert amekuja na mkewe, Celina. Mtu mkubwa, suti ya Kaunda, jasho. Ignasi alikuwa ametia chupa kwenye ndoo na gunia bichi. Zimepoa kiasi cha kutochoma tu. Bosi amekunywa glasi nzima akasema, "Mm." Halafu maji, glasi mbili. Halafu akaulizia choo. Akarudi, akaomba maji tena. Choo tena. Kila akipita hapa uani ananisalimia upya.

"Haya, Ignasi, tuonyeshe hiyo friji ya kitaalamu!"

Ignasi akafungua. Vichupa vya dawa, basi. Bosi akacheka, kisha akaacha kucheka.

Ndipo Bibi akapiga hodi, kajitanda kanga. Wakati wake umefika. Nimekimbilia huku. Namsikia Ignasi akimwambia bosi, sauti imara kabisa, "Samahani mzee, Bibi kwanza." Bibi akamwambia bosi, "Baba, geukia ukutani." Naye akageuka! Na glasi yake mkononi!

Sasa wamemaliza. Celina amekuja kusimama hapa mlangoni kwangu, ameziba mdomo kwa kitambaa. Nilidhani anacheka. Hacheki. Ameninong'oneza kwamba mumewe kila siku anamwambia ni joto tu.

Ndani, Ignasi ameshika chupa ya pili, kizibo nusu nje. Bibi hajaondoka. Amejivutia kiti mbele ya bosi.

"Baba, nimekuona ukienda choo na kurudi. Na maji yale. Usiku unaamka mara ngapi?"

Bosi anaitazama glasi. Celina amenishika mkono wa kushoto, ananiumiza. Na Ignasi anakirudisha kizibo ndani, kwa kidole gumba, taratibu.