Maji ya Kahawia

Isipingo, Jumapili, Machi 2013

Na leo tena maji ya bomba yametoka kahawia, yananuka kutu. Nimeyachemsha, nimeyachuja kwa kitambaa, lakini nimeogopa kuyanywa. Nikiugua humu chumbani peke yangu, nani atajua? Kule saluni ninakofanya kazi watafikiri nimepata kazi kwingine.

Jioni mlango ukagongwa. Alikuwa jirani, yule mama Mzulu. Miezi minane tangu nihamie hapa, hatujawahi kusalimiana.

"Dada, usinywe hayo maji," aliniambia kwa Kiingereza. "Binti yangu anaharisha tangu jana."

Akanipa chupa mbili za maji safi alizojaza kwa mdogo wake anayeishi mtaa wa Umbilo. Nikamuuliza binti anaitwa nani.

"Zanele," akasema, akarudi kwake haraka.

Kabla ya kulala nimemwombea Zanele. Wengine wote ninaowaombea wako kwetu, Bukavu.