Reki Haipo Kwenye Msumari Wake

Mama Hedda, shikamoo. Nakusikiliza redioni kila asubuhi ukijibu barua za watu, mi nikipasua kuni, na leo naomba unisaidie mimi, maana nimeshinda jambo kubwa halafu sijui nifanye nini na ushindi wenyewe. Kuandika mi si mzuri, shule niliiacha mapema nikaingia kwenye boti za kaa, ukiona nimekosea we soma tu.

Kuna binti anaitwa Tilda Brekke, nyumba yao iko kule juu kwenye mteremko unaotazama bahari, miti ya msonobari inaanzia mlangoni kwao kabisa. Tunapendana na nataka kumposa, kwake hilo halina tabu, tabu ni mama yake, Bi Ragna. Bi Ragna ni mtu wa usafi, na usafi wenyewe si wa ndani tu, ni mpaka chini ya miti. Majani yakipukutika anayakokota yote kwa reki anachoma, udongo unabaki uchi kama kichwa kilichonyolewa, halafu baridi ikianza kulegea anapita tena na reki, anasema huo ndio usafi wa kufungulia mwaka. Kisha ananunua maua ya tulipu anapanda, kulungu wanatoka msituni wanakula. Kila mwaka hivyohivyo. Anawatukana kulungu, anaenda kununua mengine.

Mzee Halvor, mume wake, ndiye aliyekuwa akimsaidia, akaumia mgongo kwenye kiwanda cha mbao, ndiyo reki ikaja kwangu. Sasa mi sisemi sana, naangalia. Ule usafi wa kufungulia mwaka nilipoufanya mara ya kwanza nikaona kuna vitu vinachomoza chini, vimejikunja kama ngumi ya mtoto, na meno ya reki yanavikata vichwa. Ukivuka tu uzio wao, msituni kumejaa lile ua jeupe la majani matatu, tele, lakini kwao hakuna hata moja. Na lile ua ukilikata kichwa halitoi kingine mpaka mwaka unaofuata, ukilikata kila mwaka linachoka, linakufa. Nikasema kumbe si kwamba halipo, lipo, sisi ndio tunaolikata. Na kile kichaka chao cha kwenye uzio, kinachotoa maua mekundu yanayoning'inia kama hereni, kila baridi Bi Ragna anakipogoa kiwe duara kama mpira, na maua yanatokea kwenye vijiti hivyohivyo anavyovitupa.

Basi majani yalipopukutika tena nikasafisha njia na mbele ya mlango, kule chini ya miti nikaacha. Bi Ragna akatoka na aproni yake.

"We Gus, unaumwa au umefiwa?"

"Hapana, mama."

"Basi mbona uani kwangu kumekuwa pango la dubu?"

Kawaida yangu ningechukua reki. Siku hiyo sijui nilipatwa na nini, nikasema, "Tuache mpaka machipuko, mama. Kuna maua chini. Na kile kichaka usikipogoe."

Akaniangalia kama vile ni mbwa wao ndiye aliyesema. Halafu akasema, "Haya. Mwaka huu siku ya kutembeleana kutazama bustani chama kizima cha akina mama kinakuja kwangu. Wakikuta maua, nitakaa nikusikilize habari yoyote uliyo nayo. Wakikuta pango la dubu, hapa usikanyage tena, na Tilda umsahau."

Mama Hedda, hiyo baridi ilikuwa ndefu. Dhoruba zilikuja kutoka baharini zikamwaga matawi juu ya yale majani, uani kukazidi kutisha. Jirani yao Bi Winnie Tuttle akipita anasema kwa sauti, "Ragna, unamngoja dubu azae?" Bi Ragna anaingia ndani anabamiza mlango. Na mi asubuhi kabla ya kazi napita naokota koa, wale wa njano wakubwa kama ndizi, maana wakiona chipukizi wao ni chakula, nawatupa ng'ambo ya uzio. Baridi ilipoanza kulegea, siku zake zile za usafi, nilimwona Bi Ragna ameitoa reki kwenye msumari wake bandani. Akasimama nayo. Mi nipo nyuma ya kuni, namchungulia. Akaangalia chini ya miti, akaangalia dirisha la mzee, akairudisha.

Halafu maua yakatoka. Sijui nikuelezeje. Kwanza kile kichaka, chote chekundu kuanzia juu mpaka chini, na siku ileile wale ndege wadogo wavumaji wakarudi kutoka kusini, mmoja mwenye kifua cha rangi ya kutu akawa anapigana na wenzake mbele ya dirisha la Mzee Halvor, na mzee akajivuta mpaka dirishani kumwangalia, jambo ambalo tangu aumie hajawahi kulifanya kwa ajili ya kitu. Halafu yale meupe ya majani matatu, yamesukuma majani makavu yakayavaa shingoni. Halafu yale ya waridi yenye umbo la moyo, na yale madogo ya njano yanayotambaa, na makangaga yakikunjua mikono katikati yake. Kulungu walikuja wakatafuta tulipu, hazipo, wakala ncha mbili tatu wakaenda kwa Bi Winnie.

Siku ya bustani akina mama wakaja na keki zao. Wakafika pale nyuma, wakasimama na keki mikononi. Bi Winnie akasema, "Ragna, haya umeyanunua wapi? Usinifiche."

Bi Ragna hajajibu, Mzee Halvor akapaza sauti kutoka dirishani, "Hayakununuliwa. Mke wangu ameyafagia tangu tuoane, akawa ananunua mengine ya kulisha kulungu."

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Bi Ragna mwenyewe akacheka, mi sijawahi kumwona. Akasema, "Mzee acha, sasa wamejua. Kama mnataka kujua yametokaje, muulizeni huyo kijana." Wakageuka wote wakaniangalia.

Nikakimbia, mama. Nilienda nyuma ya banda la kuni nikakaa huko mpaka gari la mwisho likaondoka. Tilda akanikuta huko. Akaniambia, "Gus, watu hukimbia wakiiba. Wewe umeshinda." Halafu akasema mama amesema nije kula Jumapili baada ya kanisa.

Sasa jana nimepita bandani kuchukua shoka, reki haipo kwenye msumari. Nimetafuta kila mahali. Naona Bi Ragna ameiondoa makusudi, yaani kazi yangu pale imekwisha, na hiyo Jumapili ananiita kunilisha na kuniaga kwa heshima. Nimewaza nisiende. Au nikate lile ua jeupe lililo zuri kuliko yote nimwekee Tilda mlangoni asubuhi mapema, niondoke bila kusema, ataelewa. Kwenye meza na watu mi maneno hayatoki. Nifanyeje?

Gus Ekroth, kule juu kwenye mteremko.


Marahaba, Gus.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini nikacheka, nikaichukua tena. Pole kwa baridi uliyopitia. Baada ya pole, sasa unisikilize.

Wewe unajua chipukizi liko wapi kabla halijatoboa udongo. Unajua koa anapita saa ngapi na kulungu anatafuta nini. Mwanamke amesimama mbele yako na aproni, humwoni. Umelisoma vipi neno la Bi Ragna? Alisema wakikuta maua atakaa akusikilize habari yoyote uliyo nayo. Maua yamekutwa. Mbele ya chama kizima amekupa nafasi ya kusema, wewe ukaenda kuzungumza na kuni. Yeye ametimiza lake. Mwenye deni la maneno ni wewe.

Na hiyo reki, hebu fikiri kidogo. Mtu akitaka kukufukuza uani kwake hafichi reki, anakupa mkononi anakwambia malizia, ondoa uchafu wako. Huyu mama ameishika reki ile tangu aolewe. Ulimwona mwenyewe siku alipoitoa akashindwa kuitumia, na hukuuliza alikuwa anaangalia nini kwenye dirisha la mumewe: alikuwa anamfikiria mzee wake aliyekosa hata kitu cha kutazama. Sasa ameiondoa kabisa, kwa mkono wake. Amekubali pango la dubu liwe pango la dubu. Mtu anayekubali hilo kwa sababu ya kijana asiyesema, huyo kijana hamfukuzi. Jibu umeshapewa, bado swali tu, na unataka kukimbia usiulize.

Habari ya kukata lile ua sitaki kuisikia tena. Umemwambia mama wa watu asiliguse, umelilinda baridi nzima, halafu wewe ndiye ulikate kichwa ili likusemee? Ua litabaki pale lilipo, Tilda analiona kila akifungua mlango. Hajakosa maua huyo binti. Amekosa mtu wa kusema na mama yake.

Jumapili utafanya hivi. Utavaa shati safi, na viatu utavifuta mlangoni, maana ndani ya nyumba usafi wake haujahama. Utapita mlango wa mbele, usipite bandani. Utamsalimu mzee kwanza, umwulize habari za yule ndege mwenye kifua cha kutu, hapo ulimi utalegea, hiyo ni habari unayoiweza. Halafu usingoje chakula kiishe, kikiisha utaosha vyombo na utapata kisingizio. Supu ikiwa bado ya moto, mwangalie Bi Ragna, useme: "Mama, nimekuja na ile habari." Kisha umtaje Tilda kwa jina. Maneno mengine si lazima. Kama yatatoka, sawa, kama hayatatoka, hayo yanatosha.

Na ukishasema, usiinuke. Hata wakicheka, hata mzee akikutania, na atakutania, kaa hapohapo mpaka ujibiwe. Yale maua yamekatwa vichwa na reki miaka yote hiyo, na hakuna hata moja lililokimbilia nyuma ya banda.

Mama Hedda