Umeme wa Kusahaulisha

Rodi Kopany,
9 Machi 1966

Kwa kaka yangu mpendwa Suleman,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima hapo Ndhiwa, wewe, shemeji na watoto wote, na lile goti lako limepoa. Sisi huku ni wazima wa mwili, alhamdulillahi. Duka linakwenda, ingawa mvua imeharibu barabara na sukari haifiki.

Najua unangoja habari za mke wangu. Amepona, kaka. Unakumbuka binti yetu Zamzam alipofariki kwa surua, Mwanarusi aliacha kula, akawa anakwenda kulala juu ya kaburi hata mvua ikinyesha. Ndipo nikampeleka hospitali kubwa. Daktari alisema hakuna la kuogopa: watamfunga nyaya kichwani, wapitishe umeme kidogo, ubongo utulie. Mwanarusi alikataa katakata, akasema huzuni ile ni yake, aachiwe. Mimi nikamwambia daktari aendelee, mume ni mimi.

Basi amerudi anacheka, anapika, anagombana na wateja kama zamani. Lakini wiki iliyopita Pamela, yule muuza omena, dagaa wa ziwani, alimwita Mama Zamzam kama alivyozoea. Mke wangu akageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa. Wallahi nilitamani ardhi inimeze! Baadaye akaniuliza Zamzam ni nani. Nikamjibu ni mtoto wa jirani aliyehama. Sasa nimewakataza watu wote wa soko wasimtaje binti yetu, na nguo zake nimezigawa.

Zamani tulilia wawili. Leo nilie na nani? Nikimsikia anaimba jikoni namchukia, halafu najichukia mwenyewe. Mjinga mimi, nilidhani nimemponya.

Kaka, usinikasirikie kwa hili. Jumatatu naenda hospitali ile ile. Nimemdanganya daktari kwamba nasikia sauti na silali, naye amekubali kunifunga nyaya. Nimechoka, siwezi tena. Labda nitamsahau mtoto, labda nitasahau mengine, umeme hauchagui.

Nikirudi, tafadhali usinikumbushe. Ila kila ukija huku, pita kwanza makaburini umsomee Fatiha, ndipo uje dukani. Alikuwa na miaka minne, na alipenda kutembea ndani ya viatu vyangu. Yashike wewe haya, maana nyumbani kwake hatabaki wa kuyajua.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwakumbatie mmoja mmoja kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Hemed