Bomba la Moshi Chini ya Kitanda cha Mama

Chanika,
Dar es Salaam.
Jumapili, 9 Agosti 2026.

Mpendwa kaka Rogers,

Shikamoo. Fundi Badru amesema leo asubuhi kwamba Mama asilale tena ndani ya lile gari injini ikiwa inawaka. Nimeanza na hilo kwa sababu najua salamu ungeziruka ulitafute.

Sasa salamu. Hamjambo huko Perth? Baridi imepungua? Kifua cha shemeji Kokushubila kimepona? Sisi wazima, isipokuwa hatutulii. Mama amefunga mizigo tangu Jumatatu, na kila siku anaifungua kuhakikisha kitenge cha msiba kimo.

Gari lenyewe ulilomnunulia Mama asafiri amelala ni zuri. Waliokuuzia walilitunza: kitanda imara, tenki la maji halivuji, uvungu hauna kutu ya kutisha. Kosa tumelifanya wenyewe. Ulimtumia Badru ujumbe wa sauti kwamba barabara ya kwenda msibani Manda ni mawe matupu, bomba la moshi lipandishwe. Akalipandisha. Leo nimelala chini na rula: kutoka ardhini hadi kwenye bomba ni sentimita thelathini na nane, hata wewe ungefurahi. Kutoka kwenye bomba hadi sakafu ya kitanda ni sentimita tatu. Mbao imeanza kuwa nyeusi.

Nilimuuliza Badru aliwezaje.

"Braza, mliniambia lisiguse chini. Habari za juu mlinipa saa ngapi?"

Tena alipima gari likiwa tupu. Tukijaza maji na kupanda watu, gari linashuka, ekseli inaligonga bomba. Kiungo cha bomba kimepasuka upande wa mto wa Mama, moshi unaingia ndani.

Wiki hii nimemzungusha mara tatu hadi Mbezi Luis na kurudi, amelala, ili nyonga yake mbovu izoee safari. Jana nilipofungua mlango wa nyuma nilimkuta ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nilimpeleka kituo cha afya. Walimpima, wakamweka kwa saa nne, wakamruhusu. Usiku amelala vizuri na leo amekunywa uji.

Kilichonisumbua ni kingine. Kichwa kilimuuma tangu safari ya kwanza, naye alinyamaza. Nilipomuuliza, alinikatiza:

"Ningesema, mngeniacha. Mdogo wangu amezikwa mimi nipo hapa kitandani. Na tanga lake limalizwe mimi nipo hapa hapa? Mimi gunia la mkaa, nikae stoo?"

Tanga la mama mdogo Avelina linamalizwa Jumamosi tarehe 22, na basi la siku mbili hawezi kulikalia. Gari hili ndilo njia yake pekee.

Nimeamua hivi, usikasirike. Bomba linarudi chini lilikokuwa, linapita mbali na ekseli na kutokea nyuma kabisa. Badru ataziba kiungo na kufunga bamba la bati kati ya bomba na mbao. Ndiyo, huko Manda litagonga mawe. Likigonga tutasikia, tutasimama, tutalifunga kwa waya. Moshi haugongi hodi.

Naomba mambo mawili. Usimtumie Badru ujumbe mwingine. Anakuheshimu kuliko rula. Na mpigie Mama, umwambie wewe mwenyewe kwamba akisema kichwa kinamuuma hatutamwacha. Mimi nimemwambia, anadhani namtega.

Wasalimie shemeji na watoto. Baba mdogo Gaudens anawasalimu. Yuko Manda anatusubiri. Mungu awafunike huko ugenini, na sisi atufikishe.

Alhamisi tarehe 13, saa mbili asubuhi, gari litakuwa Buguruni kwa Badru: tenki limejaa, na magunia ya mchanga yamelala mahali pa Mama. Tutaliendesha saa nzima madirisha yamefungwa, kisha tutapima tena, juu na chini. Mama amesema mchanga hauna pua, kwa hiyo atakuwepo kunusa mlangoni. Akiridhika yeye, tunaondoka Jumanne tarehe 18.

Mdogo wako akupendaye,
Edgar