Saa Tatu na Nusu Kutoka Joburg

Doornfontein, Johannesburg, 2017

Mama yangu,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga magoti. Magoti yako yenyewe yanasemaje? Kaka Idi aliniambia siku hizi unaswali umekaa kitini, nikakosa raha wiki nzima. Sisi huku ni wazima. Baridi imeingia, nakaa cherehani nimejifunga blanketi kiunoni, wateja wananicheka. Na wewe Idi unayemsomea mama, soma yote. Usiruke mstari hata ukiona aibu.

Mama, kila uliponiuliza nitakuja lini, nilikujibu, "Mbali, mama." Nilipomfuata Baba Thandi, yeye akirudi kwao kutoka uhamishoni hapo Morogoro, tulikaa kwenye mabasi siku nne, tukilala juu ya mizigo mipakani. Tangu hapo, miaka ishirini na tano sasa, nyumbani kwangu ni siku nne.

Jumapili iliyopita binti yangu Thandi alikuwa anachezea simu. Huyu Kiswahili anakisikia, kukisema ndiyo kazi. Akaniambia, "Eish, Ma, mpaka Dar ni kilomita elfu mbili na nusu, lakini ndege ni saa tatu na nusu tu! Kwa gogo Durban tunakaa garini saa sita. Kumbe bibi yuko karibu kuliko gogo?"

Gogo ni mama mkwe wangu. Kwake tunakwenda kila Krismasi.

Nikasema simu imekosea. Kesho yake nikaenda kwa wakala wa tiketi, nikaona ndege inatoka hapa saa nne asubuhi, inatua Dar saa nane na nusu. Nikapayuka: mnaona, hiyo ni saa nne na nusu! Dada wa watu akanieleza kwa upole kwamba saa za kwetu ziko mbele kwa saa moja. Kwa hiyo basi la Dar kuja Morogoro, likikutana na foleni, linachukua muda mrefu kuliko ndege.

Thandi akauliza tena, "Sasa kwa nini hatuendi?" Yeye sikumjibu. Wewe nakujibu. Baba alipofariki mwaka juzi mlinipigia alfajiri, akazikwa baada ya adhuhuri. Mazishi nisingewahi kwa chombo chochote. Lakini arobaini, mama, ningewahi. Si umbali ulionizuia. Baba aliniambia nikimfuata mtu huyu nisirudi tena nyumbani, nami nikaogopa kuingia nyumba ile ilhali sikumwomba radhi, na wa kuombwa hayupo tena. Nikaisingizia njia. Nimekukosea, mama yangu, nisamehe. Nakupenda.

Nimekata tiketi, mimi na Thandi, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Barua hii nampa jirani anayepanda basi leo, itanitangulia. Nisalimie shangazi mkubwa, mke wa Idi, na mama yule jirani wa vitumbua. Baba Thandi anakuamkia.

Najua una maneno makali, na ni haki yako. Usimtume Idi aniambie kwa simu, maana nikiyasikia nikiwa huku nitaogopa tena, nibaki. Yaweke mpaka nimekaa miguuni pako, kisha uyaseme yote.

Ni mimi mwanao,
Zaina