Naulea Ugonjwa wa Mizabibu Ili Bwana Shamba Asiache Kuja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na tafadhali usinicheke, mimi ni mjane, wanangu wako mbali na simu zao ni za kubahatisha, na mizabibu aliyoniachia marehemu imeshikwa na ubwiri unga, yaani majani meupe kama yamemwagiwa unga wa ngano, sasa bwana shamba alipokuja mara ya kwanza akaniachia dawa ya salfa, akasema nipulizie naye atarudi kuangalia, kweli akarudi, nikampa chai, tukaongea mpaka chai ikapoa, na mimi sikumbuki ni lini mtu mwingine alikaa kwenye kiti kile alichokalia, basi ile dawa nikaisukumia chini ya kitanda, kila wiki anakuja, namwambia nimepuliza ila ugonjwa ni mkaidi, anatikisa kichwa, anakaa, si mapenzi, usinielewe vibaya, ni mtu wa kuongea naye tu, lakini juzi jirani yangu, ambaye hana kingine cha kulishia wanawe ila zabibu, kanionyesha majani yake nayo yameanza weupe, akaniuliza, "Mama, hii imetoka wapi?" nikamjibu sijui, tangu hapo usingizi sina, nikipuliza bwana shamba hatakuwa na la kumleta, nisipopuliza namtia jirani njaa, nifanyeje?

Mimi, Mpweke

Mama yangu, pole. Upweke si aibu, na nyumba isiyo na wa kukuuliza umeamkaje ni nzito. Lakini kwa jirani umekosa sana, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ubwiri unga hubebwa na upepo, nao upepo haujui mpaka wa shamba.

Toa hiyo dawa leo. Pulizia asubuhi, jua halijawa kali, maana salfa kwenye joto huunguza majani. Punguza majani yaliyosongamana, hewa ipite. Kisha nenda kwa jirani, mwambie ukweli kwa mdomo wako, na umsaidie kupulizia kwake. Atafoka. Mwache afoke, ana haki.

Sasa nikuulize. Salfa ina harufu, na ikipulizwa huacha vumbi la njano. Mtu aliyesomea kazi hiyo atapitaje shambani kwako wiki baada ya wiki asione kwamba hakuna hata chembe? Anajua, mama. Anajua na bado anakuja, na kwa hilo naye ana lawama yake kwa jirani.

Mizabibu ikishapona, mpigie simu wewe mwenyewe. Mwambie hakuna tena ugonjwa wa kukagua, aje tu.